Nyonga ya Bibi, ya Froome na ya Binamu Yangu

Binamu yangu alianguka na baiskeli Ngamiani, Tanga, kwenye kona yenye mchanga. Hakugongwa na mtu. Gurudumu la mbele liliteleza, akatua ubavu, uzito wote ukaishia kwenye nyonga ya kushoto. Alipojaribu kusimama mguu ukamgomea. Kufika saa tatu usiku kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa halikaliki.

Shangazi, mama yake mzazi, alituma sauti huku analia: marehemu bibi alivunjika nyonga kule Muheza na hakuinuka tena, basi na huyu naye ndiyo kwaheri. Baba mdogo, ambaye hapitwi na mbio za baiskeli, akamjibu hapohapo: "Dada, nyamaza. Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi, alivunjika nyonga hiyohiyo na baada ya miezi minane alikuwa mashindanoni." Asubuhi daktari akaongeza la kwake: mgonjwa anafanyiwa upasuaji leo, kesho atasimamishwa. Hapo shangazi akanipigia mimi, kwa kuwa kazi yangu ni fizio, mtaalamu wa mazoezi ya tiba.

"Kesho, mwanangu? Mfupa haujashika, wanamsimamisha kwa lipi?"

Tuliongea kama dakika arobaini. Swali lake nalisikia karibu kila wiki, na mara nyingi linatoka palepale: watu wanachukua nyonga ya mtu mmoja kutabiri nyonga ya mwingine. Neno ni moja, mivunjiko ni mingi.

Nyonga ni nini hasa

Tuanzie kwenye jina, maana hata hapo hatuelewani. Wapo wanaosema kiuno, wapo wanaosema nyonga wakimaanisha kinena, na wapo wanaoita nyonga lile fupa pana tunalolikalia. Daktari akisema "nyonga imevunjika", mara nyingi anazungumzia sehemu ya juu kabisa ya fupa la paja, pale linapoungana na kiwiliwili.

Chukua kifuu cha nazi, weka chungwa dogo ndani yake, lizungushe. Hicho ndicho kiungo cha nyonga: kifuu ni tundu lililo kwenye fupa pana, chungwa ni kichwa cha fupa la paja. Ila chungwa halikukaa wima juu ya mti wake. Limeshikwa na shingo fupi inayochomoza kwa mshazari, kama tawi la mpera linavyoachana na shina. Chini ya shingo, kwa nje, kuna nundu ngumu. Weka kiganja pembeni ya paja, chini kidogo ya mkanda wa suruali, halafu zungusha mguu ndani na nje. Mfupa unaousikia ukicheza chini ya kiganja ndiyo nundu yenyewe, na ndiyo iliyogonga barabara siku binamu alipoanguka. Mtu anayejikwaa akitembea hutanguliza mkono. Mwendesha baiskeli anabaki ameng'ang'ania usukani, anakwenda chini na nundu yake.

Kuteguka ni habari nyingine. Kuteguka ni chungwa kutoka kwenye kifuu. Kuvunjika ni kijiti kinacholishika chungwa kukatika. Vyote viwili ni vya hospitali, na hakuna hata kimoja kinachoweza kutambuliwa kwa kupapasa tu. Mguu uliovunjika shingo na kuachana mara nyingi huonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelala kwa nje. Lakini kuna ufa mwembamba usiohamisha mfupa hata kidogo, na mwenye nao anaweza kutembea siku mbili tatu akidhani ni msuli umevutika. Huyo ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu nyumbani atakandwa. Mikono yenye nia njema na maji ya moto inaweza kugeuza ufa kuwa mvunjiko ulioachana. Nina heshima yangu kwa waunga mifupa wa vijijini, na mkono au kidole nimeona wakikifunga vizuri kwa vijiti. Nyonga imezama ndani ya nyama nene. Hakuna kijiti cha kuifikia. Mtu ameanguka na baiskeli, kinena kinauma na uzito hauendi mguuni? Apigwe eksirei. Picha ikiwa safi na maumivu hayapungui, aombe kipimo kingine, kwa kuwa ufa wa namna hii unaweza kujificha kwenye eksirei ya kwanza.

Bomba la nyumba ya mwisho

Sasa tufike kwenye kiini, nacho ni damu.

Mtaa wetu bomba la maji linaanzia barabara kuu na kuishia nyumba ya mwisho karibu na makaburi. Bomba likipasuka katikati, nyumba za mwanzo zinaendelea kuoga, ya mwisho inakauka. Kichwa cha fupa la paja ni nyumba ya mwisho. Kwa mtu mzima, sehemu kubwa ya damu yake hupanda kutoka chini kwa mishipa midogo inayotambaa juu ya shingo ya mfupa. Shingo ikivunjika na kuachana, mishipa hiyo hukunjwa au kukatika. Kichwa hubaki mahali pake ndani ya kifuu, kizuri machoni, lakini hakina maji.

Ndiyo maana mvunjiko unaotisha kwenye picha si lazima uwe mbaya kuliko mwingine. Mfupa ukivunjika chini ya shingo, kwenye eneo la ile nundu, unaweza kupasuka vipande vitatu vinne, paja likavimba na kuwa jeusi kwa damu. Ndugu wakiona wanazimia. Na bado eneo hilo lina damu ya kutosha. Likishikiliwa vizuri huwa linaunga. Mvunjiko wa shingo unaweza kuwa mstari mmoja tu, msafi, usio na uvimbe wa kuonyesha watu, na ukaja kumnyang'anya mtu kiungo mwaka mmoja au miwili baadaye.

Mfano wake ni Floyd Landis, mwendesha baiskeli wa Kimarekani aliyevunjika shingo ya nyonga mazoezini mwaka 2003. Aliwekewa vyuma, akarudi barabarani, akafika hadi Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa. Mwaka 2006, katikati ya mashindano hayo, alieleza hadharani kwamba kichwa cha mfupa wake kilikuwa kinakufa kwa kukosa damu. Alimaliza wa kwanza, na Septemba ya mwaka huohuo akabadilishwa nyonga. (Ushindi alinyang'anywa baadaye kwa kutumia dawa zilizokatazwa, lakini hiyo ni kesi nyingine, si ya mifupa.) Mtu alizunguka Ufaransa juu ya nyonga inayooza. Kutembea vizuri, hata kuendesha vizuri, si uthibitisho kwamba kichwa kiko salama. Ndiyo sababu mwenye skrubu shingoni anaitwa kupigwa picha tena na tena hadi karibu miaka miwili, na ndiyo sababu namsihi asizikwepe tarehe hizo kwa kuwa "sasa hivi nyonga hainisumbui".

Bibi yetu, kwa jinsi nilivyosimuliwa, alivunjika chini ya shingo, ule mvunjiko unaounga. Alianguka bafuni miaka ya tisini. Hakupasuliwa, mguu ulivutwa kwa mawe yaliyoning'inia mwisho wa kitanda, ukaachwa uunge wenyewe, na pengine ungeunga. Lakini alilala chali majuma mengi. Kwanza kikaja kidonda cha mgongoni, kisha kifua kikajaa. Aliyemuua bibi ni kitanda.

Nilipomwambia shangazi hivyo alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

Vyuma ni mbao za zege

Kwa hiyo mgonjwa anasimamishwa kesho yake kwa sababu kulala kunaua. Damu isiyosukumwa na misuli ya shavu la mguu huganda kwenye mshipa wa mguu, na bonge lake likichomoka hupanda hadi mapafuni. Mapafu ya mtu aliyelala chali hayajai vizuri. Misuli inaanza kunywea ndani ya siku chache, hata kwa kijana. Hayo yote huzuiwa na kitu cha kawaida sana: kukaa kitandani miguu inaning'inia, kusimama, kupiga hatua tano hadi dirishani na kurudi.

Ila swali la shangazi lilikuwa la haki: mfupa haujashika, anasimamia nini? Anasimamia vyuma. Aliyewahi kujenga anajua mbao za kumwagia zege. Siku unayomwaga, zege ni uji. Linalosimama ni mbao. Vyuma vya nyonga vinafanya kazi hiyo wakati mfupa unakomaa. Kwa binamu, mwenye miaka 41 na mvunjiko wa shingo ambao haukuwa umeachana sana, madaktari waliingiza skrubu tatu kupitia tundu dogo la pembeni, na waliwahi, kwa sababu kwenye shingo ya kijana kila saa ina thamani yake. Aliyevunjika chini ya shingo huwekewa skrubu nene iliyoungwa na bamba la chuma, au fimbo ya chuma inayoshuka ndani ya uwazi wa mfupa. Mzee ambaye shingo yake imeachana kabisa hawamhangaishi na skrubu: kichwa kinatolewa, anawekewa cha chuma. Wanajua nyumba ya mwisho imeshakauka, wanaijenga upya.

Na hapa ndipo mkanganyiko wa wodini ulipozaliwa. Kitanda cha pili alikuwapo mzee wa miaka sabini na kitu, amewekewa nyonga ya bandia, anaambiwa akanyage mguu wote. Binamu, kijana mwenye mapaja ya kupanda Lushoto, anaambiwa aguse tu. Shangazi akaona mwanawe anafichwa ugonjwa. Sivyo. Mzee hana mfupa wa kuungwa pale. Chuma chake kilishakaa, kinabeba tangu siku ya kwanza. Binamu anatunza kichwa chake mwenyewe, na skrubu zake zinangoja mfupa. Chuma kisichopata mwenzake wa kubeba mzigo huishia kama waya unaokunjwa huku na huku: siku moja hukatika.

"Kugusa tu" ni kiasi gani? Maneno hayasaidii, kwa hiyo tulitumia mzani wa bafuni. Magongo mawili kwapani, mguu mzima sakafuni, mguu wa skrubu juu ya mzani, bonyeza taratibu hadi mshale ufike kilo kumi na tano, shikilia, sikiliza paja linavyosema, ondoa. Mara ya kwanza alibonyeza hadi arobaini akidhani amegusa. "Kama napimwa mihogo," akasema. Baada ya siku mbili aliweza kufunga macho na kutua kwenye kumi na tano, pungufu kilo moja au zaidi kilo mbili.

Saa mbili za ukutani

Mgonjwa wa nyonga ana saa mbili, nazo haziendi pamoja.

Saa ya mfupa huwezi kuiharakisha. Damu iliyovuja inaganda, kisha kunaota gundi laini, kisha gundi inakuwa ngumu. Kwa mtu mzima mwenye afya, majuma sita hadi kumi na mawili ndipo mfupa unaanza kuaminika, na kujichonga upya kunaendelea miezi mingi baadaye. Sigara inaichelewesha saa hii waziwazi. Supu ya makongoro, niseme ukweli, haiisukumi mbele. Naipenda na simkatazi mtu, ina joto na inampa hamu ya kula mgonjwa aliyekinai. Lakini ute wa kongoro hauendi moja kwa moja kwenye ufa wa mfupa; tumbo linausaga kama chakula kingine. Sahani ya dagaa wanaoliwa na mifupa yao ina madini mengi kuliko bakuli la supu hiyo, na maharage, mayai na samaki vinajenga msuli. Nguvu ya familia inayopotea kutafuta makongoro kila asubuhi ningeipeleka kwenye mazoezi.

Saa ya pili, ya msuli, hiyo unaisukuma mwenyewe, na ikiachwa inarudi nyuma. Pembeni ya nyonga, chini ya mfuko wa nyuma wa suruali, kuna misuli inayozuia kiwiliwili kisianguke upande kila unaponyanyua mguu mmoja. Ikilegea, mtu anatembea anayumba kama bata hata mfupa ukiwa umeunga zamani. Watu wanasema "vyuma vimemfanya achechemee" wakati vyuma havina kosa. Zoezi lake ni la kuchosha kwa jinsi lilivyo dogo: lala ubavu wa mguu mzima, nyanyua mguu mwingine shubiri moja, hesabu hadi tano, shusha. Kwa mvunjiko kama wa binamu hilo halianzi wiki ya kwanza; aseme fizio wako.

Fimbo nayo. Karibu kila mtu anaishika upande wa mguu mbovu, na filamu zimetuharibu zaidi. Shika upande wa pili. Ukisimama kwa mguu mmoja, nyonga hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili kwa sababu ile misuli ya pembeni inavuta kwa nguvu kukuweka wima. Fimbo ikiwa mkono wa pili inaishikia misuli hiyo kazi kwa mbali, kama mtu anayekushikia mwisho wa pili wa ubao mrefu. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mbovu hushuka kwanza.

Ambalo karatasi za hospitali hazilielezi sana ni nyumba zetu zilivyo chini chini. Choo cha kuchuchumaa, kigoda cha jikoni, mkeka, jamvi la msikitini, godoro sakafuni. Kwa mwenye nyonga ya bandia, kukunja kiungo sana huku goti likiingia ndani kunaweza kukichomoa kichwa kwenye kifuu, hasa miezi ya mwanzo. Kwa mwenye skrubu, kuinuka kutoka kuchuchumaa ni mzigo mkubwa kabla ya wakati. Shangazi alilimaliza hili bila kuniuliza: alichukua kiti cha plastiki, akampa fundi akikate tundu katikati, akakiweka juu ya choo. Miguu yake akaifunga vipande vya mpira wa tairi visiteleze. Sala binamu alisali kitini. Kitanda kilinyanyuliwa kwa tofali mbili kila mguu.

Na Froome je?

Baba mdogo hakusema uongo, alisimulia nusu. Tarehe 12 Juni 2019, huko Roanne, Ufaransa, Froome alikuwa anakagua njia ya mbio za kukimbizana na saa. Alitoa mkono kwenye usukani kupangusa pua, upepo ukapiga gurudumu la mbele, akajibamiza ukutani. Alivunjika fupa la paja, nyonga, kiwiko na mbavu. Februari 2020 alikuwa kwenye mstari wa kuanzia mashindano ya Falme za Kiarabu. Hiyo ndiyo miezi minane.

Nusu ya pili ni kwamba mtu huyu, aliyekwisha kushinda Tour de France mara nne, hakushinda tena mashindano baada ya siku ile. Muda mrefu baada ya kurudi alikuwa bado anahangaika na mguu wa kulia uliobaki dhaifu kuliko wa kushoto. Mwaka 2022 alimaliza wa tatu katika siku ya Tour de France iliyoishia kileleni mwa mlima Alpe d'Huez, na mimi, niliyezoea kuona watu wakisherehekea kupanda ngazi tatu, nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Tena alikuwa na timu nzima ya madaktari na siku nzima ya kufanya mazoezi. Binamu ana duka la vipuri na watoto wawili.

Kuna jambo moja linalowahusu wote wawili. Mifupa huimarika kwa kugongwa-gongwa: kutembea, kuruka, kubeba. Baiskeli inakubeba ukiwa umekaa, na waendeshaji wengi wa mbio za barabarani wana mifupa myepesi kuliko mapafu yao yanavyodanganya. Mtu anaweza kuwa na moyo wa farasi na mifupa ya bua. Kwa hiyo binamu akipona simtaki arudi kwenye baiskeli pekee. Atembee, abebe ndoo, acheze mpira na wanawe.

Upande wa pili, baiskeli hiyohiyo ni dawa nzuri ya nyonga, kwa sababu uzito unabaki kwenye kiti na kiungo kinazunguka bila kugongwa. Tatizo lilikuwa baiskeli ya mazoezi. Ya karibu ilikuwa hospitali, nauli ya bajaji kila siku. Wiki ya saba, picha mpya ikiwa imeridhisha, tuliitoa ile baiskeli kuukuu ya marehemu mume wa shangazi, nyeusi, yenye stendi pana ya nyuma inayolinyanyua gurudumu lisiguse chini. Tukaisimamisha uani chini ya mwembe, kiti tukakipandisha hadi goti lisikunjike sana, stendi tukaizungushia matofali. Binamu alipandia kwenye ngazi ya mlango, mguu mzima mbele, mimi nimemshika mkanda. Shangazi alisimama mbele ameushika usukani kwa mikono miwili kama anamzuia mbuzi. Gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka hewani, mnyororo ukalia, maana haukuwa umetiwa oili tangu msiba.

"Taratibu," shangazi akasema, "utaanguka."

"Mama, siendi popote."

"Hata hivyo."